Mwaka Bwana Mninga Alipokula Kabla ya Kulima

Enzi zetu, wenzangu mliokulia vijiji vya Shinyanga miaka ile ya sabini, ukitaka kitu kizuri ulikitengeneza mwenyewe, basi. Mpira ulikuwa wa matambara na kamba ya katani. Gari lilikuwa la mabua ya mtama, na injini yake ilikuwa mdomo wa dereva. Mwanasesere alikuwa gunzi la hindi, nywele kaja nazo kutoka shambani. Mtoto asiyejua kutengeneza alicheza kwa kuomba, na kuomba kwenyewe kulikuwa na masharti.

Kwetu kulikuwa karibu na Mhunze, kijiji cha pamba na ng'ombe. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka kwenda shule, miguu peku, tukiruka miiba huku tunaimba kama jeshi lisilo na viatu. Jioni tulirudi na njaa ya kumeza jiwe, tukakuta michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa, karanga zimekaangwa, na maziwa mgando yanayonukia moshi wa kibuyu. Leo mpe mtoto michembe, atakuuliza sosi iko wapi! Mama yangu asingejibu swali hilo. Angekuondolea sahani, halafu akuulize kwa upole kama umeshiba.

Lakini leo nataka kumsema Shangazi Kabula, mdogo wake Baba. Mrefu, mweusi ti, mwenye kicheko kilichotangulia utani wake mwenyewe. Alikuwa anachora. Alichukua udongo mwekundu wa kichuguu, majivu, mkaa, na buluu ya kufulia aliyoiiba kwa Mama, akapamba kuta za nyumba yetu mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Kibao cha duka la kijiji alikiandika yeye, na chini ya maandishi akachora sabuni, chumvi na kibatari, ili hata wale waliokuwa wanakimbia madarasa ya watu wazima wasipotee. Wachezaji wa ngoma mavazi yao aliyabuni yeye: shanga wapi, manyoya wapi, njuga ngapi mguuni. Usiku alipiga zeze na kutunga nyimbo. Halafu kulikuwa na mambo yake ya mbao na kamba, vitu vinavyojongea vyenyewe, ambayo hatukuwa na jina la kuyaita.

Baba yalimkera. "Kabula," alikuwa akisema, "mshika mbili moja humponyoka."

"Ndiyo maana mimi nimeshika manne, Kaka," Shangazi akajibu. "Moja likiponyoka yanabaki matatu."

Sisi watoto tulicheka mpaka Baba akatutazama, tukakumbuka ghafla kwamba kuna ndama hawajafungwa.

Sasa, kwa msiokuwa wa kwetu, niwaeleze mbina. Pamba ikishauzwa na maghala yakijaa mtama, Wasukuma hucheza ngoma za mashindano. Pande mbili, Wagalu na Wagika, zinaweka maduara yao uwanja mmoja, kila mmoja na ngoma zake, zinapigwa kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Jaji ni miguu ya watu. Watazamaji wako huru kuhama, na duara litakalokuwa na watu wengi jua linapotua ndilo limeshinda. Kwa hiyo kila upande unatafuta jambo la kuwavuta watu: wengine wanarusha majembe hewani, wengine wanacheza na nyoka, wengine wanajipaka dawa ambazo sitazitaja hapa. Sisi tulikuwa Wagalu, na Shangazi ndiye alikuwa ningi wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Mwaka uliotangulia kisa hiki Wagika walileta chatu mnene kama gunia la pamba. Weee! Watu wote walihamia kwao. Tulibaki sisi, mbwa wawili, na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia.

Mwaka uliofuata akatokea Mzee Lutonja. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe kutoka Buseresere, mjane, mtu wa heshima zake, mwenye tumbo lililoingia nyumbani kabla yake. Akamwona Shangazi, akamposa. Baba akaona hapo ndipo pa kumtuliza dada yake. Shangazi hakumtaka. Si kwamba mzee alikuwa mbaya, la. Alishasema wazi kwamba kwake mwanamke hapigi zeze wala hachezi mbele za watu, na kuta zake ni za chokaa nyeupe tupu. Na Buseresere kwa siku zile ilikuwa mwisho wa dunia, unakwenda kwa lori siku nzima ukifika huna rangi kwa vumbi. Sisi watoto tulilia kwa zamu.

Ugomvi ulipozidi, jioni moja Baba akatoa neno lake mbele yetu sote, ugali ungali siniani. "Wagalu wakishinda mbina ya mwaka huu, sitasema tena juu ya rangi na mbao zako, kaa hapa mpaka uzeeke. Wakishindwa, nampa Mzee Lutonja jibu lake, nawe unakwenda Buseresere."

"Umesema mbele ya watoto, Kaka."

"Nimesema."

Kesho yake Shangazi akaingia porini na shoka. Akarudi na gogo la mninga, akachonga mwanamume wa kimo cha mtu, mwenye viungo vinavyokunjika, jembe mkono mmoja na bakuli kiunoni. Akampaka rangi, akamvika kaptura ya Baba iliyochakaa. Tukamwita Bwana Mninga, tukamwamkia shikamoo kila asubuhi kwa adabu zote. Kisha akachonga gogo la pili, la mviringo, nene kama kinu, akalilaza juu ya nguzo mbili, mwisho mmoja akaweka mpini wa kuzungushia. Akaanza kuligongelea misumari.

Hiyo misumari ndiyo ilikuwa maarifa yenyewe. Gogo likizunguka, kila msumari unakandamiza ulimi wa mti, ulimi unavuta kamba, na kamba inainua kiungo kimoja cha Bwana Mninga. Shangazi alipiga makofi kwa mdundo wa ngoma, akatia alama ya mkaa, akagonga msumari mahali pake. Mkono ukichelewa, anang'oa kwa koleo, anasogeza upana wa kidole, anajaribu tena. Mpango ulikuwa huu: Bwana Mninga alime, ainuke afute jasho, apeleke bakuli mdomoni ale, mwisho apapase tumbo kwa kushiba. Kila kitu katika mdundo, sambamba na wachezaji wa majembe. Mjukuu wangu sasa hivi anachora, anabuni nembo, anaandika programu za kompyuta na anatengeneza muziki, vyote kwa mashine moja, na akinieleza kazi yake anatumia maneno mengi kuliko mshenga. Namsikiliza, namwambia hongera baba. Ila kikombe chake cha chai anaosha nani, hilo ndilo programu yake haijalijibu!

Mzungushaji alikuwa Shija, kijana wa jirani mwenye kifua kama mlango, kwa sababu gogo lilikuwa zito. Mazoezi yote alizungusha yeye, nyuma ya pazia la magunia, hadi Bwana Mninga akawa analima vizuri kuliko baadhi ya majirani.

Siku ya mbina ikafika. Mhunze yote ilikuwa uwanjani, na vumbi, na harufu ya nyama choma, na pombe ya mtama. Baba alikuwepo na mgeni wake, Mzee Lutonja, ambaye alikuwa ametoka kula kwetu jogoo mzima na wali wake. Ngoma zilikuwa zinawambwa motoni pale mdogo wake Shija alipokuja mbio. "Shangazi, Shija kaenda Geita! Kasikia kuna shimo limetema dhahabu, kapanda lori alfajiri."

Jamani! Nilimwona Shangazi akikaa chini kama aliyekatwa kamba. Wapigangoma hawakuweza kuacha ngoma, wachezaji hawakuweza kuacha majembe, yeye mwenyewe ni ningi, anatakiwa mbele. Na upande wa pili tayari Wagika walikuwa wanamtoa chatu kwenye kikapu. Watu wakaanza kuhama. Mimi na wenzangu tulijaribu kuusukuma ule mpini, hata haukutikisika.

Shangazi akainuka, akamwendea Baba. Sikuwahi kumwona akiomba.

"Kaka, njoo unizungushie."

"Mimi?" Baba akatazama huku na huku. "Mimi ndiye niliyesema ukishindwa unakwenda."

"Najua ulichosema. Nishindwe kwa kushindwa, Kaka, nisishindwe kwa kukosa mtu."

Baba akavua kofia yake, akampa mgeni amshikie, akaingia nyuma ya pazia. Nilimfuata. "Kwa hiyo ninazungusha tu?" akauliza. "Zungusha tu, ukisikia ngoma," Shangazi akasema, akakimbilia mbele.

Sasa sikilizeni. Baba yangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Shija alikaa upande huu wa gogo, mpini uko kuliani kwake, anausukuma mbele. Baba akauona mpini, akaenda akakaa upande wa pili ili uwe kushotoni kwake, akausukuma mbele kwa nguvu zote za mchunga ng'ombe. Gogo likazunguka kinyumenyume. Tangu mwanzo mzungushaji alikuwa mmoja tu, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba gogo lina pande mbili za kuzunguka.

Huko mbele, Bwana Mninga akaanza kwa kupapasa tumbo. Akapapasa, akapapasa. Kisha akapeleka bakuli mdomoni, akala, akala tena. Kisha akafuta jasho, kachoka kwa kula! Mwisho kabisa akapiga jembe, mara moja, kwa uvivu, akarudi tumboni.

Wachezaji wakasita. Nikachungulia pazia nikamwona Shangazi kafungua mdomo, macho yamemtoka. Nikajua Buseresere hiyo. Halafu mwanamke mmoja mbele akapasua kicheko. "Huyu ni mume wangu! Nani kamchonga mume wangu?"

Shangazi akaling'amua palepale. Akawaashiria wapigangoma kwa mkono, akawapunguzia mwendo, akatunga wimbo akiwa amesimama. Kwa Kisukuma ulikuwa mtamu zaidi, lakini maneno yake ni haya:

*Bwana wa kwetu ana mambo,*
*kashiba kabla hajalima,*
*jasho lamtoka kwa kutafuna,*
*jembe lamngoja hadi jua kuzama.*

Loo! Wanawake wakadaka kiitikio kama waliozaliwa nacho. Vigelegele! Kelele za vicheko zikavuka uwanja, watu upande wa pili wakaanza kugeuza shingo, halafu miguu. Waliokuja wakacheka, kicheko chao kikaita wengine. Mpaka chatu akabaki na mwenye chatu. Wazee wa pande zote mbili hawakuwa na la kubishana jua lilipotua, maana duara la Wagika lilikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Na Mzee Lutonja? Maskini, yeye alikuwa amesimama mstari wa mbele, kofia ya Baba mkono mmoja, na mkono wa pili, kwa mazoea ya mtu aliyekula jogoo, anapapasa tumbo. Watu wakamtazama Bwana Mninga, wakamtazama yeye. Mtoto mmoja akaonyesha kwa kidole. Shangazi aliapa maisha yake yote kwamba hakumkusudia, na ni kweli, wimbo ulikuja wenyewe. Lakini mzee alishausikia. Jioni akamrudishia Baba kofia yake, akasema kwa heshima zote, akimwita kwa jina langu, "Baba Nyamizi, dada yako ni hodari. Ila mimi natafuta mke, sitafuti kuimbwa." Kesho yake akaondoka na ng'ombe zake, na kwa kweli alituachia sukari nyingi, Mungu amrehemu.

Baba alitoka nyuma ya pazia kaloa jasho, anauliza kwa nini watu wanacheka, na kama kavunja kitu. Alipoelezwa aliona aibu kwanza. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Kaa," akamwambia Shangazi, "nilisema mbele ya watoto." Shangazi akamkumbatia kaka yake mbele za watu, jambo ambalo kwetu halikuwa likifanyika.

Mwaka uliofuata Shangazi alichonga mwanamke anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Baba akawa anapitapita uani, anajifanya anatafuta kamba ya ng'ombe. Hatimaye akauliza, "Mwaka huu anazungusha nani?" Shija alikuwa amesharudi kutoka Geita, hana dhahabu wala viatu, anaomba kazi yake. Shangazi akamjibu Baba, "Bado sijapata mtu." Baba akakohoa. "Mimi nipo."

Basi Shangazi akang'oa misumari yote aliyokwisha kuigonga, mmoja mmoja, akaanza upya, kwa kufuata mkono wa kushoto wa kaka yake. Na mjue, Baba alichapwa utoto wake wote ili auache mkono ule. Nyumbani walimchapa, shuleni walimchapa, hata mezani kwa watu wazima waliendelea kumtazama vibaya. Alipokaa upande wake, akasukuma mbele, yule mwanamke wa mti akaanza kusuka maziwa kwa mpangilio sawasawa. Tangu hapo alizungusha kila msimu, na hakuna aliyethubutu kuugusa mpini ule.

Wote wawili wametangulia. Siku hizi mashine ni nyepesi, zina akili, ukikosea unafuta na hakuna anayekucheka, na vijana wetu wanafanya nazo maajabu, siwanyimi haki yao. Lakini kila mashine ninayopewa inanifundisha mimi nikae wapi na nibonyeze kwa kidole gani. Shangazi yangu alimwona mtu ambaye dunia nzima ilimwambia ahame upande, akachukua koleo, akahamisha misumari.