Moyo Wangu Kwenye Kioo cha Ekografi

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na wiki tano nilipoanza kushindwa kulala chali. Nikijinyoosha tu, pumzi inakatika. Miguu ilivimba, hata sandali hazikuingia. Tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Luberizi baada ya kukimbia vita mara mbili, na mama mkwe alikuwa na maelezo yake: nimelishwa sumu na jirani tuliyegombana naye juu ya shamba la mpunga.

Mume wangu hakubishana na mama yake. Asubuhi moja barabara ilipotulia, alinipakia mimi na mtoto kwenye pikipiki, tukashuka mjini Uvira.

Hospitalini, daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alinipaka dawa baridi yenye utelezi kifuani. Mashine yake niliijua, ni ekografi, ile ya kupimia wajawazito. Nikamwambia sina mimba.

"Leo tunaangalia moyo, mama." Akageuza kioo upande wangu. "Ona, iko inapiga, lakini imechoka na imepanuka. Inatokea kwa wamama wengine kisha kuzaa. Hakuna mutu alikupa sumu."

Mume wangu akamwomba arudie maneno hayo ya mwisho, apate kuyafikisha nyumbani jinsi yalivyo.

Mama mkwe aliyasikiliza. Kesho yake alianza kunipikia samaki wangu pembeni, bila chumvi, kama daktari alivyoagiza. Vita viliporudi barabarani, pikipiki zikaacha kupita na vidonge vya moyo alivyonipa daktari vikabaki vya siku mbili. Aliyetembea kwa miguu hadi Uvira kuniletea vingine ni yule jirani wa ugomvi wa shamba. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili.

Baada ya miezi kadhaa nilirudi kupimwa. Moyo ulikuwa umepungua ukubwa, unapiga kwa nguvu. Daktari akaomba ruhusa atume picha zangu, bila jina, kwa watafiti wanaounda moyo ndani ya kompyuta.

"Sasa moyo wangu itafanya nini kule?" nikamuuliza.

"Watauiga kwa hesabu, waone namna unachoka na namna unapona. Siku moja watajua mapema ni mama gani iko mu hatari."

Nikakubali, ila nikamwambia atume picha zote, za ugonjwa na za kupona, wasije wakafikiri sikupona.