Machela ya Keith Oldershaw

Neville Towle alikuwa mtu mwaminifu kwa kila jambo isipokuwa moja, na hilo moja lilichapishwa.

Kwa miaka thelathini na minne alitunza stoo ya kiwanda cha soksi mjini Ilkeston, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hata bobini moja ya uzi ilipotea mikononi mwake. Mke wake alipougua alimuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Kila Alhamisi jioni alikwenda kwenye ukumbi mdogo wa kanisa la Wamethodisti, ambako wanaume kumi na kitu walipigana vita juu ya meza: majeshi ya askari wa madini ya risasi, urefu wao nusu ya kidole, wakisogezwa kwa futi ya kupimia na kuuawa kwa dadu. Watu wa mchezo huo, hata walioishi mbali na ambao hawakupata kumwona, walilijua jina lake kwa sababu ya ukurasa mmoja wa jarida la zamani.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi mwaka 2023, Trevor Widdowson, mshika funguo za ukumbi, alimfikia kabla hajavua koti.

"Umesikia habari za Keith?"

"Keith gani?"

"Usijifanye, Nev. Keith Oldershaw. Vumbi la mgodi limemmaliza mapafu. Mkewe Beryl anasema hospitali wamemrudisha nyumbani. Krismasi hafiki."

Neville alifungua sanduku lake na kuanza kupanga askari. "Nani anashika Wafaransa leo?"

"Mtu anakufa, wewe unaniuliza Wafaransa?"

"Nimekusikia, Trevor."

Alikuwa amemsikia. Jioni ile alishindwa vita ambavyo hata mgeni angevishinda, na alipofika nyumbani alivuta droo ya meza yake ya kupakia askari rangi, akaingiza mkono nyuma ya makopo, akaigusa bahasha. Ilikuwa pale pale alipoiweka mwaka 1986.

Miaka ile Neville na Keith walikuwa hawaachani. Keith alichimba makaa ya mawe, mtu mpana mwenye makovu ya bluu mikononi, na mikono hiyo hiyo ilikuwa laini kuliko ya fundi saa. Siku hizo jarida la *Meza na Dadu* liliishi kwa kazi za wasomaji wake. Nusu ya kurasa zake zilikuwa kanuni zilizotungwa na walimu, makarani na mafundi bomba, pamoja na picha za askari waliokatwa na kuunganishwa upya: kichwa cha huyu juu ya kiwiliwili cha yule, farasi aliyepewa mabawa ya bati, kifaru kilichoundwa kwa kopo la dawa ya kikwapa. Hakuna aliyelipwa. Malipo yalikuwa kuona jina lako.

Katika mchezo wao, askari aliyepigwa aliondolewa mezani na kutupwa sandukuni. Keith hakulipenda jambo hilo. Mwaka 1979 paa la mgodi lilikuwa limewaporomokea, na yeye na mwenzake wakambeba mtu aliyevunjika mapaja yote mawili mwendo wa mita mia nne, mawe yakiendelea kudondoka nyuma yao. Mtu yule aliwasihi wamwache wajiokoe. Hawakumwacha.

"Mtu hatupwi sandukuni," Keith alisema. "Mtu anabebwa."

Basi majira ya baridi yote walikaa jikoni kwa Keith wakitunga kanuni. Aliyeanguka atabaki alipoanguka. Wenzake wawili wanaweza kuacha kupigana, wamwinue, na kumbeba inchi tano kila zamu; wakimfikisha ukingoni mwa meza, amepona. Keith akaongeza sentensi ya mwisho kwa mwandiko wake: wabebaji wakishamwinua hawaruhusiwi kumwacha, hata adui akiwafikia. Kisha akakata askari watatu kwa msumeno mwembamba kama unywele, akawaunganisha kwa vipande vya pini na gundi, akatengeneza machela kwa njiti mbili za kiberiti na kipande cha leso. Mbebaji wa nyuma alimgeuza shingo, akawa anatazama walikotoka.

Mashine ya taipu ilikuwa kwa Neville. Jarida lilitaka mistari sitini, na yao ilikuwa sitini na mitatu. Neville akafupisha hapa na pale, na mwishoni akaikata sentensi ya Keith, kwa kuwa iliyotangulia ilionekana kutosha. Fomu ya jarida ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la mtunzi.

Mtu atasema alisahau. Hakusahau. Aliishikilia kalamu juu ya mstari ule mpaka chai yake ikapoa. Aliandika "N. Towle" akijiambia kwamba jina la Keith atalitaja kwenye barua ya kusindikiza, na barua ya kusindikiza hakuiandika. Aliliona jina moja linavyopendeza likiwa peke yake, na hicho ndicho alichokitaka. Dhambi nyingi za watu wastaarabu hufanyika hivyo, kwa kalamu safi na bila kelele.

Toleo lilitoka mwezi wa tatu 1986. Trevor alilisoma kwa sauti ukumbini, akiwa amesimama juu ya kiti.

"Sikilizeni, enyi washenzi! 'Kanuni ya Machela, imetungwa na N. Towle wa Ilkeston.' Na picha chini yake: 'Kazi ya mikono ya mtunzi.' Nev, hata hukutwambia! Leo unatununulia chips wote!"

Watu walicheka na kumpigapiga Neville mgongoni. Keith alilichukua jarida, akausoma ukurasa wote pole pole kama mtu asomaye barua ya hospitali, akalirudisha.

"Picha imetoka vizuri," alisema.

Alikuja Alhamisi mbili zaidi, kisha hakuja tena.

Neville aliandika barua ya masahihisho. Jarida lilikuwa na safu ya kazi hiyo kila mwezi, na barua ilikuwa fupi na ya kweli: mwenzangu Keith Oldershaw ndiye aliyeitunga kanuni pamoja nami, na askari wa pichani ni kazi yake peke yake. Aliifunga, akabandika stempu, akasema ataiposti Jumatatu. Jumatatu ilikuja barua kutoka New Zealand, mtu asiyemjua akimshukuru Bwana Towle kwa kanuni nzuri. Akangoja wiki moja. Baadaye mwezi. Baada ya miaka michache wenye jarida waliacha kuchapa kazi za wasomaji, wakawa wanatangaza bidhaa zao wenyewe, halafu jarida likafa. Stempu ilibaki kwenye bahasha, na uso wa malkia ambaye naye sasa hayupo.

Kwa miaka thelathini na saba waliishi kukiwa na mitaa minne tu kati yao. Wakikutana sokoni walitikisiana kichwa, kama watu wa huko wanavyofanya wasipotaka kusema neno, kila mmoja akashika njia yake.

Jumamosi iliyofuata Neville alitia bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaenda. Beryl, mke wa Keith, alimfungulia.

"Neville. Miaka mingapi hii?"

"Mingi, shemeji."

"Mingi hasa. Vua viatu, zulia ni jipya."

Keith alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mpira wa hewa puani, na upana wake wote ulikuwa umekwenda. Mbele yake palikuwa na ubao uliowekwa juu ya meza ya kulia chakula, na juu ya ubao majeshi mawili katikati ya vita. Alikuwa akicheza pande zote mbili.

"Ohoo! Tazama nani kaja. Kwani nimeshakufa?"

"Bado. Unaonekana vizuri."

"Mwongo mkubwa. Na wewe umekuwa kama pai iliyosahauliwa jikoni. Kaa. Trevor bado anaiba inchi?"

"Anapima kuanzia pua ya farasi, anaishia kwenye mkia."

Keith alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu. Beryl alisimama mlangoni mpaka kikaisha. Walikunywa chai. Waliwataja waliokufa wa ukumbini, mmoja mmoja, na kila mmoja kosa lake alilolipenda mchezoni. Mara tatu mkono wa Neville uliingia ndani ya koti, ukagusa bahasha, ukatoka mtupu.

"Una jambo, Nev?" Keith aliuliza.

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Kilichotakiwa ni hatua moja.

"Hapana. Nimekuja kukuona tu."

Keith alimtazama, akalitazama koti. "Basi njoo tena Jumamosi. Na dadu zako lete. Hizi zangu zimenichoka."

Keith alifariki Jumatano asubuhi, akiwa kwenye kiti kile kile.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakila sandwichi na pai za nguruwe sebuleni, Beryl alimwita Neville jikoni, kwenye meza ile ile ya zamani, akaweka mbele yake sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na machela, rangi ikiwa bado inang'aa, na toleo la jarida la mwezi wa tatu 1986.

"Alisema upewe wewe."

Neville alitoa bahasha. "Shemeji, ilikuwa hii. Jumamosi ile nilikuja nayo mfukoni."

"Alijua. Ulipotoka tu akaniambia, 'Neville ana barua ndani ya koti. Ataileta Jumamosi.' Jumapili akaniuliza leo ni siku gani. Jumatatu pia aliniuliza."

Beryl aliifungua bahasha kwa kisu cha siagi, akaisoma akiwa amesimama. Ilikuwa mistari minane. Alipomaliza aliigeuza kutazama nyuma, kama kwamba palipaswa kuwa na zaidi.

"Ni jina tu?" akauliza.

"Jina, na picha. Nililimeza jina lake, Beryl. Miaka yote hii."

"Jina lilimuuma, sikatai. Wiki mbili hivi. Akasema, ah, Nev anapenda kuonekana, mwache aonekane." Alilifungua jarida kwenye ukurasa wenyewe, akalisukuma mbele yake. "Lililomfanya asirudi ni hili."

Wachezaji wa mchezo ule wana desturi ya kusahihisha majarida yao kwa penseli, maana kanuni zilichapwa na makosa kila mwezi. Neville alitazama kwanza penye jina lake. Hapakuwa na alama yoyote. Chini kabisa, pembeni mwa mstari wa mwisho, pale ambapo sentensi iliyokatwa ilipaswa kuwapo, palikuwa na maneno kwa penseli. Yalikuwa yamefifia na kukolezwa tena mara nyingi, mpaka karatasi ilikuwa imebonyea:

*Hawamwachi.*

"Alisema sasa nchi nzima watu watambeba mtu nusu ya njia na kumbwaga," Beryl alisema. "Alisema wewe ulikijua kisa cha mgodini. Nilimwambia, nenda ukamwambie. Akasema hapana, Nev ataliona mwenyewe, ni msomaji mzuri."

Neville hakuwa ameliona. Kwa miaka thelathini na saba alilichunga kosa lake kama mtu anayelinda kidonda, akajua urefu wake na upana wake, na lilikuwa kosa dogo kati ya mawili. Alicheza kanuni ile mamia ya mara. Aliwaona wabebaji wakimwacha majeruhi katikati ya meza na kukimbia, naye mwenyewe aliwakimbiza. Majuto yake yote yalikuwa juu ya jina, kwa sababu jina ndilo alilolithamini yeye.

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi sina la kukusamehe," Beryl alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Aliyekuwa nalo umemkosa kwa siku tatu." Akaikunja barua, akaitia ndani ya jarida, akafunga sanduku. "Chukua. Na ule kitu, hujala tangu asubuhi."

Alhamisi iliyofuata Neville alisimama ukumbini kabla vita havijaanza. Hakupanda kiti. Alisoma barua yake ya mistari minane, kisha akaeleza habari ya sentensi, nani aliiandika, nani aliikata, na kwa nini iliandikwa. Alijitaja kwa jina kila palipostahili. Mmoja aliyekuwa akibandua kibandiko cha chupa aliacha. Wengine wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka 1986, nao walisikiliza kwa adabu, kama watu wasikilizavyo habari za ukoo usio wao.

"Kwa hiyo inakuwaje?" mmoja akauliza baadaye. "Wanaweza kumwacha au hawawezi?"

"Hawawezi."

"Hata wakizingirwa? Si watakufa wote watatu?"

"Watakufa wote watatu."

"Kali hiyo."

"Ndivyo ilivyotungwa."

Trevor alijifuta macho kwa kitambaa, akakohoa, akapiga makofi mawili ili watu waende mezani. "Haya, jamani, tumesikia. Basi leo tunacheza na Kanuni ya Towle, lakini ile nzima."

"Ya Oldershaw," Neville alisema.

"Eh, samahani. Ya Oldershaw."

Wiki iliyofuata Trevor aliiita tena ya Towle, bila ubaya, kwa mazoea tu. Neville akamsahihisha. Wiki ya tatu vile vile. Ameizoea kazi hiyo sasa. Huifanya kila Alhamisi kwa sauti ya chini, na hakuna Alhamisi hata moja ambayo haikumlazimu.