Siku Nilipomupandisha Mama Mukwe Treni

Bunia hakuna reli. Tuko na uwanja wa ndege, tuko na vumbi, tuko na pikipiki za kujaza barabara zote, na nyingi kati ya hizo zinatembea kwa vipuri vilivyotoka dukani kwangu. Reli, hapana. Kwa hiyo mtu wa Bunia akikuambia anajua treni, umuulize alipanda wapi. Mimi nilipanda, tena si treni ya kila siku ya watu wanaokwenda kazini. Nilipanda treni ya wale wanaopenda treni. Katika avenue yetu pale mtaa wa Saio mimi ndiye wa kwanza, na wa pili bado sijamsikia.

Shule niliiacha mapema. Nilianza kwa kuziba tairi za baiskeli chini ya turubai, na leo niko na duka la milango miwili na parisele, kiwanja changu mwenyewe chenye ukuta wa matofali ya kuchoma. Nyuma ya nyumba kubwa nilijenga nyumba ndogo: vyumba viwili, saruji chini, barza mbele. Niliijenga kwa ajili ya mama mukwe.

Yeye alikuwa akiishi peke yake Nyankunde, karibu na hospitali, sababu ya miguu yake. Kila mvua inapoharibu barabara, mke wangu alikuwa anakaa na simu mkononi, chakula hakimpiti. Nyumba ndogo ilikuwa tayari, rangi imekauka, pazia zimetundikwa, kufuli mlangoni, na ndani hamna mtu. Mama alikataa kabisa kuja.

"Miye nikae mu parisele moja na bokilo, bwana ya mutoto wangu?" alimwambia binti yake. "Akitoka, nijifiche. Akiingia, nijifiche. Nikuwe panya?"

Haki yake. Kwetu mwanaume na mama mukwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamketi uso kwa uso, hamli mkitazamana, na neno lolote kati yenu linapita kwa kinywa cha mke. Tangu nioe, mimi na yeye hatukuwa tumeongea moja kwa moja hata salamu. Yeye anasema, "Ambia bwana yako," na bwana mwenyewe nimesimama pale pale nimegeuza mgongo nusu, nasikia kila kitu, nangoja mke wangu anirudilie maneno yale yale.

Lakini jambo moja nililijua. Mama alizaliwa Mungbere, kule reli ya Uele ilikokuwa inaishia, na baba yake alikuwa mtu wa reli. Ile reli majani yaliimeza zamani. Ila mpaka uzeeni, lori kubwa likinguruma mbali, mama ananyamaza, anainua kichwa, anasikiliza. Kisha anasema, "Hapana, si yenyewe," na anaendelea kuchambua maharagi.

Basi siku moja niko Kampala kuchukua mali ya duka, naona afishi ukutani, ina picha ya treni. Nilimwita rafiki yangu, mfanyabiashara ninayenunua kwake, anisomee.

"Ni watu wanaopenda treni," akasema. "Wamekodi mashine ya zamani. Wanapanda asubuhi, wanaelekea upande wa Nile, jioni wanarudi."

"Wanakwenda kufanya nini huko?"

"Hakuna. Wanapenda tu."

"Watu wazima?"

"Wengine wametoka Ulaya kwa ajili hiyo, bosi."

Mwingine angecheka. Mimi akili yangu inafanya kazi haraka, ndiyo maana niko na milango miwili. Nikasema moyoni: Nyankunde niko na mtu wa namna hiyo, na mtu huyo ndiye niliyemjengea nyumba. Nikakamata viti vinne palepale, vitatu vya kwetu na kimoja cha mizigo, maana mke wangu hasafiri mikono mitupu.

Kuhamia kwangu mama alikataa, lakini mke wangu alipompelekea neno treni, alifunga mzigo siku ileile. Safari ya kupitia Mahagi mpaka Kampala siisimulii, kila mfanyabiashara wa Bunia anaijua. Nasimulia gare, pale treni inapopakia watu.

Kama unakwenda mara ya kwanza, ujue kwamba hakuna atakayekuangalia. Nilikuwa nimevaa kosti nyeupe, koti na suruali yake, na viatu vyenye ncha, na watu wote, Waganda, Wahindi, Wazungu, walikuwa wamenipa mgongo wakitazama mashine. Ilikuwa mashine ya mazuti, yaani dizeli, kuukuu, imepakwa rangi upya, inatetemeka mahali pamoja kama mtu mwenye homa. Muzee mmoja Muzungu akanielekezea kijiti chenye manyoya kwenye ncha. Nikajua ni mwandishi wa redio. Nikaweka koti sawa na kuanza kumweleza nilivyopanda kutoka tairi za baiskeli mpaka dukani. Akaweka kidole mdomoni. Alikuwa anarekodi mashine iliyo nyuma yangu.

Mama mukwe hakuangalia mtu. Alishuka mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, akapima njia kwa macho.

"Ambia bwana yako reli ya hapa ni mupana," akasema. "Yetu, mutoto alikuwa anairuka."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

Tatizo likaanza ndani. Viti vyetu vinne vilikuwa viwili viwili, vinatazamana, karibu sana, magoti kwa magoti. Mtu wa tikiti akatuonyesha kwa furaha: mama dirishani, mimi mbele yake. Mama akafunika uso kwa kitenge. Mimi nikatoka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, nikaenda kusimama mlangoni kule mabehewa yanapoungana.

Mke wangu akanifuata. "Papa, umenunua viti bine ili ukamate mulango?"

"Unataka nikae nikitazamana na mama yako mpaka Nile?"

"Na kuku?"

Kuku wa kukaanga alikuwa kwenye kikapu, chini ya miguu ya mama. Nikasafiri na njaa. Lakini nasema kweli, mlangoni ndiko penye treni yenyewe. Upepo, milio, matofali ya nyumba yanapita karibu, wanawake wa sokoni wanapunga mikono kama unawajua. Usivae nyeupe, ndilo shauri langu. Kosti yangu ilifika Lugazi na rangi ya jivu, na wale wenye kamera waliojaa pale mlangoni walikuwa weusi kama mimi, wanacheka, wananipigapiga bega. Nilikuwa mkubwa kati yao, ingawa hatukuwa na lugha.

Basi, katikati ya mashamba ya miwa treni ikasimama. Hakuna gare, hakuna nyumba. Mtu wa tikiti akapita akisema watu wote washuke.

Sasa niulize mtu yeyote wa Ituri: gari likisimama porini na shofere akisema shukeni, maana yake nini? Maana yake matope. Barabara ya kwenda Irumu imenifundisha hivyo tangu ujana. Hungoji kuambiwa mara mbili. Nikavua viatu, nikakunja suruali mpaka magotini, nikamkabidhi mke wangu koti, nikazunguka nyuma ya behewa la mwisho. Nikaweka mikono kwenye chuma.

"Wanaume, mukuje!" nikapaza sauti. "Moja, mbili!"

Hakuna aliyekuja. Walikuwa wamejipanga kwenye kilima kidogo, kamera juu. Nikasema hawa matajiri ni wavivu. Halafu chuma kikanisukuma. Treni ilikuwa inarudi nyuma, polepole, inanijia! Nikaruka pembeni kwenye miwa. Ikanipita, mabehewa matupu, shofere ananipungia, na kwenye dirisha letu nikaona kikapu chetu kinakwenda.

Siye watu wa Bunia tunajua pia maana ya gari linalokuacha porini na mizigo yako. Nikakimbia. Miguu mitupu juu ya kokoto, nikipiga kelele, "Mizigo yetu! Kuku yetu!" Wale wa kilimani nao wakapiga kelele, wananionyesha nitoke. Nikazidi mbio.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kali, ya mwanamke aliyezoea kuita watu ng'ambo ya reli.

"Baba ya batoto! Simama!"

Nikasimama. Mke wangu alikuwa ameshika mdomo. Haikuwa sauti yake.

"Inarudi nyuma ili ikuje tena!" mama mukwe akaendelea, na fimbo yake ya kutembelea juu. "Banataka kuiona ikipita! Weye toka mu njia, unafunga batu macho!"

Kwa mimi, moja kwa moja. Nikapanda kilima, nikasimama mbali naye inavyotakiwa, nikiangalia upande mwingine. Wenye kamera wakakaza macho kwenye njia. Kisha kutoka nyuma ya miwa honi ikalia, ndefu, na mashine ikatokea na moshi wake mweusi, mbio, ardhi inatikisika chini ya nyayo zangu. Nilisahau kuangalia upande mwingine. Niliona mama ameinua kichwa kama anavyofanya akisikia lori.

"Ni yenyewe," akasema.

Machozi yalikuwa yanashuka, na chini ya machozi anacheka.

Shofere akarudia tena kwa ajili ya wenye kamera. Safari hii nilibaki kilimani. Ila muzee wa kijiti cha manyoya alinifuata, akanivalisha vile vya masikioni, na ndani nikasikia mashine inavyoanza vizuri, kisha sauti ya dume la Ituri: "Kuku yetu!" Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akanionyesha kwamba mlango nilioukamata asubuhi ndio anaoutaka kwa milio yake, na kiti chake tubadilishane.

Kiti chake kilikuwa nyuma ya kile cha mama. Mgongo kwa mgongo, ubao mmoja katikati. Yeye anatazama tunakotoka, mimi natazama tunakokwenda. Hakuna uso unaoona uso. Treni ilipoanza, nikasikia ubao unagongwa.

"Baba ya batoto."

"Ndiyo, mama."

"Kweli ulitaka kusukuma treni?"

"Kama bangenisaidia, ingetoka."

Akacheka, na kile kicheko nilikipokea mgongoni, ubao mzima unatetemeka. Mke wangu, ambaye alikuwa daraja letu miaka yote, alibaki anatuangalia hana kazi. Ikabidi apate nyingine: kupitisha kuku. Paja huku, kidari kule. Tulikula kuku mmoja, mimi na mama mukwe, kila mtu akitazama upande wake. Akanisimulia Mungbere, baba yake na filimbi yake, na jinsi watoto walivyolaza sikio kwenye chuma kujua kama treni iko karibu. Mimi nikamsimulia tairi za baiskeli, na alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo binti yake hajaliweza.

Jioni, tukirudi kutoka Nile, karibu na Kampala akagonga tena ubao.

"Ile nyumba yako ya nyuma. Barza inaangaliaka wapi?"

"Inaangalia nyumba kubwa, mama."

"Ndiyo ubaya yake." Akatafuna kidogo. "Uko na fundi anaweza kutengeneza kiti sawa hii?"

Niko na fundi bora wa mbao Bunia nzima. Sasa kile kiti kiko kwenye barza ya nyumba ndogo, mbao nzuri ya mvule, migongo miwili ubao mmoja. Mama alihamia, kufuli ikaondoka mlangoni, na mke wangu anakula hata mvua ikinyesha. Jioni nikifunga duka, nakaa upande wangu nikitazama geti, mama anakaa upande wake akitazama miparachichi ya jirani, anachambua maharagi. Fuso kubwa likinguruma kule barabarani, sote wawili tunanyamaza.

"Si yenyewe, mama," nasema mimi kwanza.

"Najua," anasema. "Endelea. Ulikuwa umeshika chuma, umekunja suruali."

Na mimi naendelea.