"Sumu Haipandi Paa Hili": Dobi, Kipanga na Mashuka ya Hospitali

Kila neno lililoandikwa hapa ni kweli tupu, halikutiwa chumvi hata punje. Asiyeamini na aende akaapishwe kama alivyoapishwa mwandishi wa makala haya: kidole juu ya ukucha wa kipanga, na kipanga mwenyewe anakutazama usoni.

Ni alfajiri, jikoni. Birika halijachemka. Juu ya meza kuna mizani ya kupimia unga, juu ya mizani kuna kigogo, na juu ya kigogo amesimama ndege jike mwenye kifua cha michirizi na macho ya manjano. Mguuni ana njuga ndogo. Hajasema kitu, lakini chumba kizima kimemnyamazia.

Anaitwa Mkwe.

"Kwa sababu akiingia uani," anaeleza mwenye nyumba, "aliyejilaza anakaa sawa, na mwenye la kusema analimeza."

Mwenye nyumba huyo wote humwita Mama Kipanga. Ni mwanamke mfupi, mwenye mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Ameosha mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka minne ya mwisho amekuwa pia akiyalinda. Kila asubuhi anamrusha Mkwe juu ya ua wa kufulia ili njiwa wasitue juu ya kamba. Mshahara ni ule ule wa dobi. Nyama ya ndege anainunua mwenyewe.

"Mkwe hajaajiriwa kuua," anasema huku akisogeza uso karibu na mizani. "Ameajiriwa kutisha. Njiwa anahama na roho yake. Mimi na njiwa hatuna damu baina yetu, tuna ugomvi wa mashuka tu."

Mizani hiyo ina sheria zake. Kipanga mwepesi mno hana nguvu. Mzito mno hana haja nawe, kwa kuwa kinachomrudisha mkononi ni kipande cha nyama na si mapenzi. Zamani wifi yake, ambaye naye ni dobi, aliona uvivu kumpima akajibu tu, "Yuko sawa." Mkwe akaruka, akakaa juu ya mti siku mbili. Tangu hapo nyumba hii ina amri moja: atakayesema uongo mbele ya mizani atalipa shingo za kuku.

"Nimelisha ndege huyu kuliko nilivyolisha wanangu," anasema wifi.

"Si uache uongo?"

"Wifi, nitaongea nini sasa?"

Kabla ya Mkwe, katika kila mashuka kumi yaliyoanikwa, matatu yalirudi kwenye sinki. Mama Kipanga anakumbuka jinsi alivyokuwa akifua shuka, akaligeuzia mgongo kidogo tu, akalikuta limepigwa muhuri wa njiwa. Wagonjwa walilalamika. Mmoja wao, aliyelazwa na mguu uliovunjika, alilalamika zaidi ya wote, maana kazi yake ilikuwa kufukuza ndege kwenye uwanja wa ndege kwa kutumia vipanga.

"Nilimpelekea shuka akalirudisha. Nikampelekea la pili akalirudisha. Nikamwambia, baba, kama unajua sana, nifundishe. Basi akanifundisha, kitandani pale pale."

Mwalimu huyo alimvika taulo lililolowa maji kwenye ngumi na kumwamuru asimame kando ya kitanda bila mkono kutetemeka. Wauguzi walidhani mgonjwa amepandwa na homa. Mguu ulipopona, alimletea kinda la kipanga ndani ya kikapu. Mume wa Mama Kipanga, fundi viatu, akakata buti kuukuu na kushona glovu.

Maneno hayakukosekana. Mgonjwa mmoja alisema kipanga hospitalini ni nuksi.

"Nikamwambia, nuksi ni kulala juu ya mavi. Hapo akavuta shuka lake, akageukia ukutani."

Lakini njiwa akifukuzwa lazima atue mahali. Hawa walikata shauri kuhamia juu ya ofisi ya Katibu wa hospitali, upande wa pili wa ua. Wakapamba madirisha yake. Wakapamba gari lake. Siku moja, akiwa amesimama mlangoni na wageni, wakampamba yeye.

Ndipo maboksi ya sumu yalipoingia stoo.

Mama Kipanga alipopata habari alikwenda ofisini na glovu mkononi, maji ya sabuni yakimchuruzika kwenye viwiko.

"Mheshimiwa, sumu haipandi juu ya paa hili."

"Mama, mimi sina ugomvi na ndege wako. Lakini hebu tazama koti langu."

"Nimeliona. Lilete nilifue. Sumu haipandi."

"Unaniamuru?"

"Nakueleza. Njiwa akila sumu hafi pale pale. Anayumba, anaanguka. Mkwe akimwona anayumba atamkamata, maana hata mfanyakazi mwema akiokota mkate barabarani anaula. Akishamla, basi. Na wale njiwa wengine wataangukia wapi? Kwenye tangi la maji? Wodi ya watoto? Sumu haina macho, mheshimiwa. Mkwe anayo."

Katibu si mtu mbaya. Alifikiri, akatazama tena koti, kisha akatoa sharti. Alhamisi, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya chakula cha mchana, asione njiwa juu ya ofisi yake wala juu ya kamba, na shuka lisipatikane na doa hata moja. Ikiwa hivyo, maboksi yatarudi yalikotoka. Doa likionekana, sumu itapanda paani jioni ile ile, na Mama Kipanga atarudi kwenye sinki mikono mitupu.

"Nikamwambia, Alhamisi mbali. Hata leo."

Jumatano jioni mama mkwe wake alikuja kutembea. Si Mkwe wa manyoya, bali mkwe wa miwani, mama mzazi wa mumewe. Mara ya kwanza aliposikia jina la ndege yule aliweka kijiko chini, akauliza, "Na anakula vizuri?" Akaambiwa anakula vizuri. "Basi hajanifedhehesha," akasema, na tangu hapo wakawa marafiki.

Alhamisi alfajiri Mkwe alipimwa, akawa barabara. Mama Kipanga akaenda kuoga. Mkwe wa miwani akabaki jikoni na mkwe wa manyoya, wakitazamana.

Hospitalini wifi alikuwa ameshaanika safu ya kwanza. Mama Kipanga alipoinua mkono kumrusha Mkwe, mkono ukamwambia jambo. Mkono uliobeba taulo bichi kando ya kitanda haudanganyiki. Alimtazama ndege chini ya shingo, akaona pamevimba kama mtoto aliyeficha andazi kwenye shati.

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, shikamoo. Mkwe umempa kitu?"

"Marahaba mwanangu. Nimempa maini kidogo tu. Na firigisi. Na lile paja mliloniwekea mimi."

"Mama!"

"Sasa mwanangu, kiumbe atatokaje kwenda kazini hajala?"

"Mama, kutokula ndiyo kazi yenyewe!"

"Hapo ndipo mnapokosea nyie," akasema mkwe wa miwani kwa upole. "Ndiyo maana amekonda."

Mama Kipanga alishukuru, akakata simu, na hapo hapo Mkwe akaruka bila kungoja kurushwa. Alipanda polepole, mzito kama gunia, akatua juu ya tangi la maji, baina ya ua wa kufulia na ofisi ya Katibu. Akakunja mguu mmoja. Akafumba jicho moja.

Mama Kipanga alipiga mluzi. Akaonyesha nyama. Akaitikisa.

"Wifi," akasema wifi, "huyo keshakula paja la mama. Ataifuata shingo ya kuku?"

"Nyamaza uanike."

"Tukamwambie Katibu iwe kesho?"

"Kesho? Nilishamwambia Alhamisi mbali! Anika, wifi. Anika yote, hata yale ya akiba. Hakuna shuka litakalobaki kwenye beseni leo."

Yeye mwenyewe alisimama katikati ya ua, akainua ngumi yenye glovu juu kabisa, kama aliyemwamuru ndege kukaa pale pale alipo. Dirishani Katibu alichungulia. Mama Kipanga hakugeuza shingo.

Kisha wakaja. Njiwa elfu tatu, wakafunika jua, hospitali ikaingia kiza hata wauguzi wakawasha taa. Wakazunguka mara moja, mbawa zao zikavumisha upepo uliokausha mashuka yote papo hapo. Wakamwona Mkwe juu ya tangi. Mkwe alifumbua lile jicho moja.

Hilo tu. Njiwa hakuja pale kusoma kilo za kipanga. Anachojua ni kivuli kile, mabega yale, kichwa kile. Kama ameshiba au ana njaa, nani aende kumuuliza? Kundi likageuka kama shuka linalokung'utwa, likapita ofisi ya Katibu bila kutua, likatokomea nyuma ya ghala bovu la matofali ambako hakuna shuka la mtu.

Walirudi tena mara kadhaa. Kila mara jicho likafumbuliwa. Mkono wa Mama Kipanga ulikufa ganzi, akaushikilia kwa mkono wa pili, hakuushusha. Wifi alipomletea maji alimnywesha kama mgonjwa.

"Shusha kidogo, wifi. Ndege hakutazami."

"Katibu ananitazama."

Kengele ya chakula ilipolia, Katibu alishuka na miwani puani, akakagua shuka kwa shuka, upande na upande. Hapakuwa na doa hata moja. Akasimama wima mbele ya tangi, akampigia Mkwe saluti, na maboksi ya sumu yakapakiwa kwenye gari kabla wali haujapoa.

Mama Kipanga ana mpango. Yule mwalimu wa mguu uliovunjika amemwahidi kinda lingine, dume safari hii, ili Mkwe apate zamu ya mapumziko. Anataka wifi yake avae glovu ya pili. Anataka pia lile paa la soko, ambako nako wameanza kuzungumzia sumu.

"Nitakwenda hata kama hawajaniita. Wakinifungia mlango, Mkwe hapiti mlangoni. Na huyo dume tumeshampa jina."

"Shemeji," anadakia wifi. "Maana atakuja bila taarifa na atakula sana."

Hapa ndipo makala haya yalipokuwa yaishe, kwa heshima na taadhima. Lakini Mama Kipanga alitaka asomewe kabla hayajapelekwa gazetini, na alitaka asomewe jikoni. Mwandishi alikuwa ameshaanza kusoma alipotambua amekaa mkabala na mizani.

Penye njiwa elfu tatu alisimamishwa.

"Mia mbili," akasema Mama Kipanga. "Ukiwahesabu na watoto wao. Na mashuka yalikauka saa nne kwa jua la Mungu. Shingo moja. Endelea."

Penye saluti alisimamishwa tena.

"Katibu hakushuka. Alikuwa anakula. Shingo mbili."

Mwandishi akaendelea kwa haraka hadi kwenye mpango wa soko.

"Rudi nyuma," akasema Mama Kipanga. "Shuka liko wapi?"

Wifi akakohoa. Mkwe wa miwani akapata ghafla jambo la kufuta mezani.

"Lipi?"

"Lile. Liandike."

Basi na liandikwe. Dakika chache kabla ya kengele, Mkwe alijisikia mwepesi wa kutosha kushuka tangini. Alitua juu ya nguzo ya kamba, akainua mkia, na paja lote la mama mkwe likaishia kwenye shuka la wodi ya wazazi, mstari mrefu mweupe kutoka pindo hadi pindo.

Hakuna aliyeona ila madobi wawili. Sinki lilikuwa hatua chache tu. Wifi alishalishika shuka ncha moja alichovye majini.

"Liache," Mama Kipanga alimwambia.

Alilianua mwenyewe, akapanda nalo ngazi za ofisi, akalitandaza juu ya meza ya Katibu, kando ya sahani yake.

"Mheshimiwa, ulisema doa hata moja. Hili hapa. Lakini tazama vizuri. Nimefua madoa ya njiwa miaka kumi na tisa, nayajua. Hili si la njiwa. Hili ni la mfanyakazi wako. Kama ni kosa, nikate mimi mshahara. Sumu haipandi."

Katibu alilitazama shuka. Akaisogeza sahani mbali.

"Ungeweza kulifua, mama. Nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Ndege huyu ana nini leo?"

"Ameshiba. Mama mkwe wangu alimlisha."

Inasemekana Katibu naye ana mama mkwe. Alilikunja shuka kwa ncha za vidole na kumrudishia.

"Nenda kalifue. Maboksi yatarudi. Ila kesho uniletee huyo mwenzako akiwa na njaa."

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa," alisema Mama Kipanga jikoni. "Tumeshinda na shuka chafu mezani. Wewe unanipa ushindi uliofuliwa, nani alikuomba? Shingo tatu. Na ile ya kuapa juu ya ukucha, ya nne."

Mwandishi alikwenda buchani, akarudi na shingo nne ndani ya mfuko, akaziweka mezani mbele ya mashahidi wote. Mkwe akapimwa. Alikuwa mzito kidogo, hivyo faini ikahukumiwa kulala kwenye friji hadi kesho.

Mama Kipanga aligeuka kutafuta sahani. Mlango wa friji ukalia.

"Mama?" akaita bila kutazama.

"Sijagusa kitu," akajibu mkwe wa miwani.

"Mama, upo mbele ya mizani."

Shingo moja ikarudi taratibu ndani ya mfuko, na bibi akaanza kufungua pochi yake, akimwuliza mwandishi kwa sauti ya chini bucha liko upande gani.