Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Kompyuta

Aibu yenyewe ninaikubali, kwa hiyo nichekeni tu: mimi, ninayejiita fundi wa mtaa mzima hapa Tabora, nilishindwa na kitambaa.

Mama mkwe, ambaye nyumbani tunamwita Mayu, alikosa harusi yetu kwa sababu alikuwa amevunjika mguu, na miezi yote ile kilio chake kilikuwa kimoja, kwamba hakumwona binti yake Neema akiolewa. Alipopona akapanda basi kutoka Nzega kuja kuangalia video, na akatuletea kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe akiwa kitandani (mnavijua, vile vya kufunikia makochi na redio).

Mkwe ni mkwe, jamani. Nikaona heshima ni kukitandika palepale, mbele ya macho yake, juu ya kompyuta yetu kuukuu, kikaning'inia kila upande. Neema akaninong'oneza kwamba mashine ile inahitaji kupumua, nikamwambia aniachie, fundi ni mimi.

Mwanzoni video ilikwenda vizuri. Tulipofika kwenye keki ikaanza kugandaganda, nami nikabaki pale kwenye kioo, mdomo wazi, keki haiingii wala haitoki. Nikafunga programu nyingine zote, bado. Nikahamisha video kutoka kwenye flashi, bado. Nikabadili programu ya kuchezea video, ndiyo kwanza ikazidi, na jasho linanitoka huku nikimweleza Mayu habari za mafaili ambazo hata mimi sikuzielewa. Mwishowe nikagusa kasha: moto kama kikaango. Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote.

Sasa unakivuaje mbele ya aliyekifuma? Nikakivua hivyohivyo, macho chini, nikazima mashine, nikachomoa waya, nikafungua ubavu wake, na humo ndani vumbi limejaa mpaka feni imelemewa. Nikachukua pampu ya baiskeli, nikapuliza kwa hasira, na wingu lote likaenda moja kwa moja usoni kwa mama mkwe. Nikapiga magoti kuomba radhi.

"Puliza, mwanangu," akasema, akijipangusa kwa kanga. "Mimi nimekuja kumwona binti yangu, sikuja kuangalia kitambaa."

Nikapuliza kwelikweli. Nilipoiwasha, feni ikavuma, video ikatiririka, keki hatimaye nikaimeza, watu wakacheza, nami nikakaa nimetuna utadhani kompyuta niliiunda mwenyewe. Tangu siku hiyo haifunikwi hata na leso, hata aje mkwe wa nani.

Karibu na mwisho, Neema akiwa ndani ya shela anaigeukia kamera na kusema, "Shikamoo, mama. Ugua pole." Halikukatika hata neno moja. Neema mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yetu, lakini Mayu aliinuka, akaisogelea ile kompyuta na kuijibu:

"Marahaba, mwanangu. Nimepona."