Moto wa Msafiri

Mdogo wangu alipochaguliwa kwenda Ulaya, jambo la kwanza nililofikiria lilikuwa kuni.

Nyumbani kwetu, upande wa Nkololo, mtu akisafiri moto wa jikoni hauzimwi mpaka arudi. Sijui kama Wasukuma wote wanafanya hivyo. Sisi tuliikuta desturi hiyo kwa bibi mzaa mama. Asubuhi ya safari unachagua gogo gumu, unalisukuma katikati ya mafiga, na tangu hapo moto ule ni wa msafiri. Unapikia, unaota, lakini huuzimi. Ukienda shambani unaufukia kwa majivu, ukirudi unaufukua na kuupuliza.

Nilikuwa darasa la sita baba alipokwenda Malampaka kuchukua mzigo uliokuja kwa treni. Siku ya tatu mvua ilivuja jikoni, moto ukazimika. Mama akauwasha upya bila kumwambia mtu. Jioni ile ile wakaleta habari kwamba lori alilopanda baba lilipinduka mtoni. Mama aliishi miaka miwili baada ya hapo, na sikumbuki siku aliyokula akashiba. "Niliuacha ukafa," alikuwa akisema, hata mbele ya wageni waliokuja kutupa pole. Alikufa akiwa bado anasema hivyo.

Baba wadogo walikaa kikao watugawane, mimi huku, mdogo wangu wa kiume kule, na kitinda mimba, msichana aliyekuwa hata hajaota meno yote, kwa shangazi. Nikawaambia hatugawanyiki. Shule nilikuwa nimeshaiacha. Nikashika jembe, na wale wawili nikawalea kwa pamba.

Yule wa kiume alifika chuo cha ufundi Mwanza, akasomea umeme. Mwaka ule alirudi likizo na mzani wa kuning'iniza na daftari jipya. Alisema kuna kozi fupi nje, miezi miwili, ya kulinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyopata nishati na zinavyoitumia, na kila mwanafunzi anatakiwa aende na vipimo vya kwao.

"Nishati ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ni hiyo uliyojitwika, dada."

Nilikuwa nimejitwika mzigo wa miti ya pamba. Akaupokea, akautundika kwenye mzani, akaandika. Wiki nzima alipima kila kitu: miti ya pamba, mavi makavu ya ng'ombe, mafuta ya taa kwa kifuniko cha chupa. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo usiopumzika, alikuja kushangaa, akaniamkia kwa Kisukuma akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu. Huyu kijana wako anapima mavi?"

"Anayapeleka Ulaya," nikasema.

"Mungu wangu! Basi mwambie apitie na zizini kwangu, mimi ninayo mengi."

Tulicheka sana. Asubuhi aliyoondoka sikucheka. Nilisukuma gogo la mkwaju katikati ya mafiga, yeye akasimama mlangoni na begi lake akiniangalia. Alijua ninafanya nini na kwa sababu gani.

Nieleze nyumba ilivyokuwa. Jiko la nje lilikuwa limebomoka masika, kwa hiyo nilikuwa ninapikia chumba cha nyuma. Kati ya chumba hicho na sebule palikuwa na ukuta wa matofali ya udongo, usiofika kwenye paa. Na sebule ilikuwa imejaa pamba. Zamani chama cha ushirika ndicho kilichonunua pamba yote, kwa kuchelewa lakini kilinunua. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakigombania wakulima kama wachumba. Mwaka ule hawakugombania mtu. Lori moja lilipita likasema wiki ijayo. Wiki ijayo likapita jingine, halikusimama. Pamba ya kila nyumba ikabaki ndani, na kwetu ilipanda mpaka ikalingana na kichwa cha ukuta. Kitinda mimba akatandika mkeka wake juu yake na kulala huko. Alisema ni kitanda cha malkia.

Jirani alipoingia siku moja akasimama, akaangalia pamba, akaangalia moshi unaopita juu ya ukuta.

"Wewe mayu, unaulea moto na pamba nyumba moja?"

"Moto uko kwake, pamba iko kwake."

"Haya. Nani atakuoa na majivu haya? Ng'ombe wa mahari watakuja wapige chafya warudi."

Nikacheka naye, lakini alipotoka nilikwenda nikatazama juu ya ukuta kwa muda.

Barua ya mdogo wangu ilikuja kupitia sanduku la posta la shule. Niliisoma polepole, kama ninavyosoma. Alikuwa Ujerumani. Walikuwa wamepelekwa kwenye shimo la makaa ya mawe, kubwa kiasi kwamba mashine zilizokuwa chini zilionekana kama wadudu. Shimo lile limekula kijiji kizima, aliandika. Wamebomoa nyumba na kanisa, hata makaburi wameyahamisha, ili watu wa mjini wawashe taa. "Na hapa mjini, dada, sijaona moto tangu nifike. Wanapika bila kuuona."

Halafu akaandika kitu kilichonikaa kichwani. Rundo la makaa likikaa siku nyingi linaweza kushika moto ndani kwa ndani, bila mwali. Wafanyakazi wanachoma fimbo za chuma katikati ya rundo, wanaziacha kidogo, wanazichomoa na kuzishika kwa mkono. Mkono ndio unaowaambia.

Mwishoni alisema darasani aliulizwa kuhusu kwao, akaeleza moto wangu. Walipopiga hesabu kwa vipimo vyake, moto ule wa kungoja ulikuwa unakula kuni nyingi kuliko zinazopika chakula chetu chote. "Dada, nakuomba uuzime. Nitarudi tu."

Baba naye alisema atarudi tu. Nikaikunja barua, nikaenda kuongeza gogo.

Wiki iliyofuata upepo wa kiangazi ulivuma mfululizo. Kitinda mimba akaanza kukohoa. Nikampa maji ya chumvi, nikasema ni vumbi. Nyumba ilinuka moshi, lakini ilikuwa inanuka moshi tangu siku ile ya safari. Pua yangu ilikuwa imeshauzoea, haikuweza kunionya. Siku ya tatu ya kikohozi, asubuhi, mtoto aliteremka kutoka juu ya pamba akaniambia:

"Dada, kitanda changu kina joto zuri."

Alisema hivyo, joto zuri.

Nilipanda, nikaweka kiganja. Palikuwa vuguvugu kama mahali alipolala mtu, na ndipo alipokuwa amelala. Ningeweza kushuka nikaendelea na kazi zangu. Ndipo nikakumbuka zile fimbo za chuma. Mkuki wa baba ulikuwa bado umechomekwa kwenye nyasi za paa. Nikauchomoa, nikauzamisha kwenye pamba mpaka mpini ukagusa, nikahesabu kimoyomoyo, nikauvuta. Nikashika bapa.

Liliniunguza vidole.

Nikamtoa mtoto nje, nikapiga ukunga. Watu wakaja na ndoo, na visima vyetu wakati ule wa mwaka ni mashimo kwenye mchanga wa mto, ndoo moja inajaa kwa kusubiri. Tulipotoboa rundo, ndani palikuwa peusi, shimo kama tumbo, na hewa ilipoingia moto ukapumua. Ndivyo nilivyousikia, ukipumua. Tulivuta pamba nje kwa mikono, kwa majembe, kwa mashuka. Nyasi za paa zikashika. Jirani yule alikuwa amepanda kizingiti, akipokea ndoo na kunitukana.

"Nilikwambia! Nilikwambia, kichwa kigumu wewe! Lete maji!"

Paa liliteremka upande wa sebule. Nusu ya pamba ikaenda. Mwishoni ilibaki ndoo moja, na upande wa nyuma wa nyumba ulikuwa bado mzima, na kwenye mafiga gogo la mkwaju lilikuwa linawaka taratibu, kama vile halihusiki. Cheche zake zilikuwa zinaruka kwa upepo uliokuwa sasa unaingia kutoka juu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mdogo wangu arudi.

Jirani aliniangalia. Alijua habari ya mama. Kila mtu aliijua. Safari hii hakutania.

Nikamwaga ndoo yote.

Siku zile kumi na mbili nilikuwa ninachota moto kwa jirani kwa kigae, ninapikia uani, ninauzima. Kila lori lililopunguza mwendo barabarani nilikimbia kulitazama. Kitinda mimba aliacha kukohoa. Mimi niliacha kumaliza ugali wangu, kama mama.

Alifika adhuhuri, kwa miguu kutoka barabarani, begi begani, mnene kidogo. Akasimama mbele ya nyumba iliyobaki na nusu ya paa, akanitafuta kwa macho, akamtafuta mtoto, akakaa chini kwenye vumbi na viatu vyake vya Ulaya.

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye mkuki alifunika uso.

"Nami niliuzima," nikasema. "Kwa mkono wangu." Nikamtajia siku. "Siku hiyo ulipatwa na nini?"

Akafikiri. Akatoa daftari, akafunua.

"Tulikuwa darasani, dada. Somo la upepo. Jioni tulikula viazi." Akafunga daftari. "Hakikutokea kitu."

Alidhani ananituliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye mafiga yaliyopoa. Ninaona aibu kuandika kwamba nilikuwa nimetaka aniambie aliugua siku ile, au alianguka, hata kidogo tu. Kwa sababu kama hakikutokea kitu, basi hata siku ile ya mvua moto haukumfanya baba lolote, na mama alijiua kwa njaa mbele yetu kwa kosa ambalo hakulifanya. Na mimi, niliyekuwa nikimsikia kila siku, sikuwahi kumwambia.