Sukari ya Nyuki

Nyumbani kwa kaka yangu kulikuwa na mfuko wa sukari ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Ulikaa juu ya kabati, umefungwa kwa utepe wa kitambaa, na wageni walikunywa chai isiyo na sukari huku wakiutazama. Ilikuwa sukari ya nyuki. Aliyetoa amri hiyo ni wifi yangu, na wifi akisema, amesema.

Ufugaji wa nyuki alifundishwa na baba yake, na siku ya kuolewa alikuja na bomba la kufukizia nyuki moshi kati ya nguo zake. Kaka, ambaye nyuki mmoja tu humtimua hadi barabarani, alimwoa huku akiona kwa macho yake mawili, kwa hiyo sikumwonea huruma. Kila alipofika kwenye mizinga, wifi alibisha hodi, akaweka sikio kwenye ubao, ndipo akapuliza moshi. Nilimcheka miaka mingi kwa hodi yake hiyo.

Kisha mvua zikaanza kutuchezea. Zilikuja kwa siku moja, na upepo wa kung'oa mabati, halafu basi. Miti ilichanua wakati usio wake na maua yakaungua kwa jua. Nyuki wakahama mzinga mmoja baada ya mwingine, mpaka likabaki kundi moja tu, ng'ambo ya mto uliokauka. Wifi aliniambia kundi hilo likipotea, hatakuwa na nguvu ya kuanza tena. Nilimwamini, maana hakuwa mtu wa kulialia.

Kikundi chao cha wanawake wafuga nyuki kikapewa mizani za kuweka chini ya mizinga, zinazotuma ujumbe kwenye simu. Uzito ukishuka mno, simu inakwambia nyuki hawana chakula, wapelekee maji ya sukari. Usiposhuka, inakwambia uwaache. Binti aliyekuja kuwafundisha aliwasihi wasiende kuisumbua mizinga wakati wa kiangazi, kwa kuwa nyuki wenye njaa wakisumbuliwa huhama. Alisema kweli, na wifi akatii. Akaacha kwenda kubisha hodi, akawa mtu wa kuangalia simu.

Kiangazi kile uzito ulishuka wiki hadi wiki. Wifi alikuwa ameshauteremsha mfuko wa sukari ilipopiga mvua moja ya ghafla, na upepo wake. Ujumbe uliofuata ulisema uzito umepanda, mzinga uko salama. Wifi alicheka hadi machozi, akasema ile mvua imewapa maua. Akairudisha sukari juu ya kabati kwa ajili ya siku mbaya zaidi, na tangu hapo simu ikawa haina neno lingine: mzinga uko salama.

Mawingu yalipoanza kujikusanya tena alikwenda kuwaona, nami nikamsindikiza. Juu ya mfuniko kulikuwa na jiwe kubwa la mtoni. Wifi alilitazama, akabisha hodi, akaweka sikio, akaliweka tena upande wa pili. Kisha akalishusha jiwe na kufungua. Nyuki walikuwa wamekufa vichwa vikiwa ndani kabisa ya masega, kama watu waliofia kwenye sufuria tupu wakilamba. 

Kaka alikuwa ametufuata, akasimama ukingo wa pili wa mto, mbali, kama kawaida yake.

"Mke wangu, jiwe limesaidia?" alipaza sauti.

Akatueleza kwa majivuno kwamba siku ile ya upepo aliuona mfuniko ukiinuka, akajifunika blanketi gubigubi, akavuka, akauwekea jiwe. Hakusema, alitaka mkewe alikute mwenyewe.

Wiki zote zile mizani ilikuwa ikipima jiwe. Nilitaka kumrukia kaka kwa maneno, na ulimi wangu unajulikana. Wifi akanishika mkono.

"Limesaidia, mume wangu," alijibu. "Mfuniko haukutoka."

Kisha akaninong'oneza, "Wifi, usije ukamwambia. Na woga wake wote ule, alivuka."

Nikaurudisha mfuniko mahali pake, na hasira yangu ikakosa wa kutupiwa.

Kesho yake asubuhi simu ikalia, na kaka ndiye aliyeisoma. Jiwe lilikuwa limeshaondoka, na mizani sasa ilisema kweli. Alitutokea jikoni anahema, mfuko wa sukari kifuani.

"Wana njaa," alisema. "Simu inasema tuwalishe leo leo. Twende, nitakubebea maji."

Wifi aliupokea, akamshukuru. Tulikwenda wote, na kaka akabaki kwenye ukingo wake wa mto. Wifi alikoroga sukari polepole bila kumwaga hata punje, akabisha hodi, akamimina kwenye sahani mbele ya mzinga. Akachutama pale muda mrefu kama mtu anayewatazama wakinywa, kwa sababu kaka alikuwa akituangalia.